Rapsu: Maziwa, Mfereji na Kikombe cha Chai

Na Mwandishi Wetu

*Wafugaji wa Isiolo Kusini wamerithi maziwa kwa wazee wao, na jembe likawaongezea mboga. Kati ya neema hizo mbili ameingia mgeni wa tatu, naye ndiye anayepasa kupimwa.*

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya nyika inayoelekea Hifadhi ya Bisanadi, birika la chai huwa limekwisha kuinjikwa mafigani. Majani hutiwa, maziwa hutiwa ikiwa mifugo imejaalia, na sukari humiminwa kwa mkono uliozoea, pasipo kijiko wala mizani, mpaka mpishi aridhike kwamba chai imekuwa chai. Watoto hupata vikombe vyao pamoja na kipande cha chapati, wazee hupata vyao wakiwa wamekaa, na mama, ambaye ndiye aliyeamka wa kwanza, hunywa chake mwisho hali amesimama, kwani mtungi wa maji unamngoja.

Hatua chache kutoka penye moshi ule, maji ya mfereji hupita kimya katikati ya matuta ya vitunguu, nyanya na mahindi, na kando ya shamba kreti husubiri chombo cha kuzipeleka sokoni. Nyanya nzima, nyekundu, zenye ngozi ya kung'aa, hupangwa juu kwa ajili ya mnunuzi. Zilizopasuka na kupondeka huwekwa upande, nazo ndizo aghalabu zinazorudi nyumbani.

Tuliagizwa kuandika juu ya siha ya kila siku, yaani chakula, mazoezi na mapumziko ya mtu asiye mgonjwa na asiyependa kuwa mgonjwa. Mambo haya mara nyingi huandikwa kana kwamba kila msomaji anakaa mjini, ana duka kubwa mbele ya mlango wake na ukumbi wa mazoezi nyuma ya nyumba. Kwa hiyo tumelichukua suala hili tukaliweka Rapsu, mahali ambapo pana mifugo na pana mfereji, ili tuone kama nasaha za matabibu zinasimama imara pale ambapo mtu hana ila miguu yake, mbuzi wake na kipande chake cha shamba.

Mahali palipofunzwa jembe na shida

Rapsu ni kijiji cha wadi ya Kinna, katika kaunti ndogo ya Garbatulla, kusini mwa Kaunti ya Isiolo, kaunti ambayo eneo lake linapita kilomita za mraba 25,000 na ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 268,002 tu. Jirani yake ni Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, na upande wa magharibi vimesimama vilima vya Nyambene, ambavyo ni chimbuko la mito mingi ya nyanda hizi na ndiko pia miraa huchumwa.

Wenyeji wengi ni Waborana, watu waliozaliwa katika ufugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, ambao kwao maziwa yalikuwa chakula, sadaka, heshima ya mgeni na kipimo cha utajiri. Kibuyu kilifukizwa moshi wa miti teule kabla ya kutiwa maziwa; maziwa yaliachwa yagande yakawa *itittu*; na nyama ya msimu wa neema ilikatwakatwa, ikakaangwa, ikahifadhiwa katika samli kwa ajili ya msimu wa dhiki.

Maisha hayo yalivunjwa na mambo mawili. La kwanza ni vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi wa kaskazini, vya mwaka 1963 hadi 1967, ambavyo Waborana wa Isiolo wanavikumbuka kwa jina la *Daaba*, yaani zama za kusimamishwa, pale watu walipokusanywa kambini, Garbatulla ikiwa mojawapo, na mifugo yao ikafa na kuuawa kwa wingi. La pili ni ukame, ambao katika miaka ya 1970 ulikuja juu ya kidonda kilichokuwa hakijapona. Na ndipo serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipoanzisha katika Isiolo miradi ya kilimo cha kumwagilia kwa ajili ya wafugaji waliofilisika.

Basi jembe halikuja katika nchi hii kama hiari ya mtu aliyechoka kuchunga. Lilikuja kama mkono wa kumwokoa aliyezama, na mpaka leo wako wanaolitazama kwa jicho lile lile: kazi ya kungojea mifugo irudi. Na kila mifugo inaporudi, ukame huja tena; kwani tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikaangamia katika kaunti kame za Kenya.

> Jembe halikuja kama hiari ya mtu aliyechoka kuchunga. Lilikuja kama mkono wa kumwokoa aliyezama.

Hoja ya kibuyu

Upande wa kwanza wa mjadala huu ni wa wale wanaosema kwamba mwili wa mfugaji ulijengwa na maziwa na nyama, na kwamba majani ya kijani ni chakula cha mbuzi, ambaye kazi yake ni kuyageuza yawe maziwa kwa ajili ya binadamu. Hoja hii imekaririwa katika jamii nyingi za wafugaji, nayo haistahili kudharauliwa, kwa sababu elimu imeitolea ushahidi mara kadhaa.

Mwaka 1931 John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya utabibu katika koloni ya Kenya, pamoja na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Uskoti, walitoa ripoti iliyolinganisha Wamaasai waliokuwa wakiishi kwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu waliokuwa wakiishi hasa kwa nafaka na viazi. Wanaume wa Kimaasai walionekana kuwapita wenzao kwa urefu wa inchi kama 5 na kwa uzito wa ratili kama 23, na upungufu wa damu ulikuwa mwingi zaidi upande wa wakulima.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka Marsabit, jirani wa kaskazini wa Isiolo, ambako Elliot Fratkin, Eric Roth na Martha Nathan waliwafuatia watoto wa Rendille katika miaka ya 1990, baadhi yao wakiwa bado katika maisha ya kuhama na baadhi wakiwa wamekaa katika miji midogo na vijiji vya kilimo. Watoto wa kuhama walikunywa maziwa mengi zaidi, na miili yao ilikuwa na afya bora kuliko ya wale waliokaa, hata wale ambao wazazi wao walikuwa na mashamba.

Jambo hili linapasa kumshtua kila mtu anayedhani kwamba kumpa mfugaji shamba ni kumpa siha. Mtoto aliyepoteza maziwa hakupata badala yake mboga, maharage na matunda. Alipata uji mwepesi, ugali na chai.

Hoja ya mfereji

Upande wa pili ni wa wakulima na watu wa afya, ambao husema kwamba kibuyu hakiwezi tena kutegemewa peke yake, maadamu mifugo imepungua, malisho yamebanwa na mvua imekuwa haiaminiki. Na kwamba hata zamani, chakula cha maziwa na nyama kilikuwa na nakisi zake. Nao pia wana ushahidi katika ripoti ile ile ya mwaka 1931, kwani Gilks na Orr waliwakuta Wamaasai wakisumbuliwa na maradhi ya viungo na kufunga choo kuliko Wakikuyu.

Tena katika kurasa zile limo jambo ambalo wengi wamelipita: kwamba wanawake wa Kikuyu, waliokuwa wakila majani ya kijani ambayo waume zao hawakuyajali, hawakuachwa nyuma na wanawake wa Kimaasai kwa kadiri ile ambayo wanaume waliachwa nyuma na wanaume. Wanazuoni wa baadaye wameutia utafiti ule ila nyingi, lakini fundisho hili dogo lingali na thamani yake, nalo ni kwamba sufuria ya majani ilifanya kazi ambayo gunia la mahindi halikuweza kuifanya.

Mchicha, kunde na sukuma wiki vina madini ya chuma na chimbuko la vitamini A, na nyanya ina vitamini C ambayo huusaidia mwili kuyachukua madini yale ya chuma. Lakini vitamini A ya majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta kidogo, na hapa ndipo ugomvi wa kibuyu na mfereji unapovunjika wenyewe, kwa sababu kijiko cha samli ya ng'ombe katika sufuria ya mchicha kinamfaa mlaji kuliko samli peke yake na kuliko mchicha peke yake.

Kadhalika maziwa ya ngamia, ambayo yana vitamini C karibu mara tatu ya maziwa ya ng'ombe, ni hazina ya mtoto wa nchi kavu pale ambapo chungwa na papai havipatikani. Mfugaji wa zamani hakuwa na neno vitamini, lakini alijua kwamba mtoto aliyenyimwa maziwa ya ngamia wakati wa kiangazi alidhoofika.

Mbona basi mboga haifiki sufuriani? Jibu si ujinga wa mama. Nyanya haingoji, ikiiva leo, kesho kutwa imeoza, na karo ya mtoto, deni la mbegu na bei ya unga hukutana asubuhi ile ile ambayo mnunuzi amefika. Tembo huingia shambani usiku mmoja akamaliza kazi ya miezi mitatu, na mkulima aliyesalimisha nusu ya mazao huona kwamba kula asichouza ni hasara ya pili.

Hivyo kreti huondoka, na kwa fedha ile nyumba hununua unga mweupe, mafuta ya kupikia na sukari.

> Nyumba huuza nyanya asubuhi ili inunue sukari jioni.

Mgeni aliyeingia bila hodi

Tumesikia hoja ya kibuyu na hoja ya mfereji, na kila moja ina haki yake. Lakini mwenye kutazama kwa makini ataona kwamba pande hizi mbili zinashindana huku mgeni wa tatu akikaa kitako katikati yao, akiwala wote wawili. Naye ni sukari, pamoja na nduguye chumvi.

Tufanye hesabu ndogo ambayo kila nyumba inaweza kuifanya. Mtu mzima atiaye vijiko 3 vya sukari katika kikombe, na anywaye vikombe 4 tangu alfajiri hadi usiku, amekula vijiko 12. Na kwa kuwa kijiko kidogo huchukua gramu kama 4, amekula gramu 48 kwa siku, ambazo kwa mwezi zinakaribia kilo moja na nusu. Watu wazima wanne wa nyumba moja, kwa njia ya birika peke yake, wanakaribia kilo 6.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliweka mpaka kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, mpaka ambao kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu kama 50, na likashauri kwamba ni heri zaidi kushuka mpaka nusu yake. Maana yake ni kwamba mnywaji wetu amefika ukingoni kabla hajala andazi, kabla hajanywa soda, na kabla hajashiba.

Chai ina athari nyingine ambayo haionekani. Ikinywewa pamoja na mlo, tanini iliyomo ndani yake huyashika madini ya chuma yatokayo katika maharage na mboga, yakapita bila ya kuufaa mwili. Kwa hiyo mama mjamzito anayeshushia chakula kwa chai nzito hutia kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine. Hakuna haja ya kuikataza chai, ambayo ni ada na ni ukarimu. Saa moja kati ya chai na mlo yatosha.

Ama chumvi, Kenya ina kisa chake kilichoandikwa. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenziwe walichapa matokeo ya kuwafuatia Waluo waliotoka vijijini kando ya Ziwa Viktoria wakahamia Nairobi, wakaona kwamba shinikizo la damu lilipanda miezi ya mwanzo tu baada ya kuhama, huku chumvi katika chakula chao ikiongezeka na potasiamu, ambayo hutoka katika matunda, mboga na maziwa, ikipungua. Watu walikuwa wale wale, damu ile ile, ukoo ule ule. Kilichobadilika ni chakula na maisha.

Mfugaji anayetoka malishoni akaja kukaa kituoni, akaacha maziwa akashika chai na chapati, amefanya safari ya namna ile ile hata kama hakupanda basi.

Miguu iliyokaa

Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyekamilisha kitabu chake *Al-Qanun* yapata mwaka 1025, alipofika katika mlango wa kuhifadhi afya alitaja nguzo tatu, nazo ni mazoezi, chakula na usingizi, akayatanguliza mazoezi. Miaka elfu imepita na hakuna aliyeipangua nguzo hiyo.

Afrika ya Mashariki imetoa ushahidi wake. George Mann wa Marekani, aliyewachunguza Wamaasai wa Tanganyika na Kenya katika miaka ya 1960 na kutoa matokeo yake mwaka 1964 na mwaka 1972, alistaajabu kuona watu wanaoishi kwa mafuta ya maziwa na nyama wakiwa na maradhi machache mno ya moyo; na alipoichunguza mishipa ya marehemu wao aliikuta ina uchafu wa mafuta, lakini ni mipana kiasi cha kuipa damu njia, jambo ambalo alilihusisha na mwendo wao wa kila siku. Baadaye Julia Mbalilaki na wenziwe, wakiwapima Wamaasai wa Tanzania, walikadiria kwamba kazi ya miili yao kwa siku ilikuwa sawa na kutembea kilomita kama 20.

Maziwa na samli, basi, vilikuwa chakula cha mtu anayetembea. Mtu huyu akiketi kutwa kwenye kivuli cha duka, akapanda bodaboda kwenda mahali ambapo baba yake alikwenda kwa miguu, hawezi kuendelea kula kama baba yake na kutumaini moyo wa baba yake. Miraa huzidisha madhara, kwani hukata hamu ya chakula, huondoa usingizi, humkalisha mtu mahali pamoja kwa masaa, na aghalabu huandamana na chai tamu au soda.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 humtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, yaani, kwa uchache, nusu saa kwa siku, siku tano. Kwa mwanamume wa kituoni hilo ni jambo jepesi: ni kwenda shambani kwa miguu na kurudi, ni kushika jembe, ni kuzibua mfereji. Hana haja ya kuvaa viatu vya bei wala kukimbia gizani, na katika nchi ya tembo na simba kukimbia alfajiri peke yako si mazoezi, ni kujitia hatarini. Atembee jua likiwa limetoka, na atembee na wenzake.

Lakini nasaha hii isimwangukie mwanamke kana kwamba naye amekaa. Mama aliyechota maji, akakata kuni, akapalilia, akapika na kunyonyesha, amekwisha kuzilipa dakika zake kabla ya adhuhuri. Anachokihitaji ni chakula cha kutosha, mzigo wa kugawana na usingizi wa usiku. Kumhimiza mtu kama huyu afanye mazoezi ni kumwongezea taklifu, na jumuiya inayotaka siha ingeanza kwa kumpa mwanamume mtungi mmoja abebe.

> Mwanamume wa kituoni anahitaji mwendo. Mama wa Rapsu anahitaji mapumziko na sahani iliyojaa.

Kuchemsha au kutochemsha

Iko khitilafu nyingine ambayo haiepukiki tukizungumza juu ya maziwa, nayo ni ya kuchemsha. Wengi waliolelewa kwa maziwa mabichi husema kwamba moto huua ladha, hupoteza baraka ya kibuyu na huzuia maziwa yasigande vizuri. Na wengine huona kuchemsha kama kumshuku ngamia wako mwenyewe.

Watu wa afya hujibu kwa jina moja: *brusela*, maradhi ambayo mnyama aweza kuyachukua bila dalili kubwa na binadamu huyapata kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama mgonjwa kwa mikono mitupu. Humjia mtu kwa homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria, hata mgonjwa akala dawa isiyo yake kwa miezi.

Moshi wa kibuyu hutia harufu nzuri na huzuia kuharibika upesi, lakini hauwezi kutumainiwa kuviua vijidudu hivyo. Moto wa kuchemsha huviua. Wala *itittu* haipotei, kwa maana maziwa yaliyochemka yakapoa huganda vizuri yakitiwa kijiko cha mgando wa jana uliotoka katika maziwa yaliyochemshwa pia. Katika suala hili tumesikiliza pande zote, na hukumu yetu ni kwamba birika linalochemsha maziwa kwa ajili ya chai linaweza kuyachemsha kwa ajili ya kibuyu.

Mfereji nao una adabu zake. Maji yaliyotuama huzaa mbu, na maji ya polepole yenye konokono yaweza kuleta kichocho kwa mtoto aogeleaye. Nyanya iliyopigwa dawa ingojwe siku zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kuchumwa, kisha ioshwe kwa maji safi. Neema isiyotunzwa hugeuka kuwa mlango wa maradhi.

Kipimo kinachotangulia ugonjwa

Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja, na kwamba watu 94 katika kila 100 hawakufikia kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa kwa siku. Hesabu ile ni ya nchi nzima, yenye mashamba na masoko. Kijiji cha nchi kavu hakina sababu ya kujidhania salama.

Presha haina kengele. Mtu huendelea kuchunga, kulima na kuswali, mpaka siku moja upande mmoja wa mwili ukagoma. Na katika kaunti ambayo kijiji kiko mbali na hospitali na njia huzimwa na mvua, siku hiyo huwa imechelewa. Vivyo hivyo mtoto hupungua polepole mbele ya macho ya wanaompenda, na kwa sababu wanamwona kila siku hawaoni anavyopungua.

Kwa hiyo mizani ndiyo siha ya pili. Isiolo ilikuwa mojawapo ya kaunti nne zilizochaguliwa mwezi Desemba 2018 kuujaribu mpango wa afya kwa wote, na mwaka 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakiwa na mikoba yenye vyombo vya kupima presha na sukari. Kipimo cha presha kikionyesha 140 juu ya 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, mtu aende zahanati hata kama hajisikii kuumwa. Na utepe wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ukisoma chini ya sentimita 12.5, mtoto huyo amekwisha kudhoofika, na ukisoma chini ya 11.5 yuko hatarini.

Lakini mkoba usio na betri haupimi, na mhudumu asiyelipwa ujira wake hatembei kwa muda mrefu. Wanaoshika mamlaka ya afya katika kaunti na katika taifa wanadaiwa jambo hili na watu wa Rapsu, na ni deni jepesi kuliko gharama ya kulaza mtu aliyepooza.

> Presha haina kengele. Mtu huendelea kuchunga, kulima na kuswali, mpaka siku moja upande mmoja wa mwili ukagoma.

Neno kwa msomaji

Mborana anapomwamkia mwenziwe humuuliza *nagaa*, yaani amani, na ndani ya amani hiyo hukusanya afya ya watu, ya mifugo, ya mvua na ya malisho, kwa kuwa wazee walijua kwamba vitu hivi havitengani. Sisi tuliokuja baadaye tumevitenga: tukampa daktari mwili, tukampa mnunuzi shamba, tukampa mwenye duka chungu chetu.

Ushauri wetu kwa nyumba ya Rapsu, na kwa kila nyumba inayofanana nayo kutoka Merti hadi Mto Tana, ni mambo matano yasiyohitaji fedha nyingi. Kikapu cha kwanza cha kila mavuno kiende jikoni kabla kreti haijafungwa, tena kiwe cha mazao mazima. Mtoto na mama anayenyonyesha watangulizwe katika maziwa, nayo yachemshwe. Sukari ipimwe kwa kijiko, na kila mwezi kijiko kimoja kipunguzwe mpaka ulimi uzoee. Wanaume watembee na wagawane mzigo wa maji. Na kila mtu mzima apimwe presha yake walau mara moja kwa mwaka.

Ukiwa unasoma makala hii mjini, usidhani imewahusu watu wa mbali tu. Kikombe chako kina vijiko vingapi? Vihesabu leo jioni, kisha mpigie simu mama yako aliyeko nyumbani umwulize ni lini mara ya mwisho alipimwa presha. Na akisema hajawahi, mpeleke zahanati juma hili.